Mtaa Uliochorwa kwa Jivu

Waridi aliuza mandazi karibu na kituo cha basi mjini Nyeri. Jioni alikwenda darasa la ngumbaru, la watu wazima, kule Ruring'u. Ilikuwa mwaka wa 1980. Alikuwa na miaka arobaini, na sasa aliweza kuandika sentensi nzima.

Siku moja mteja mmoja alimwambia, "Hapa zamani kulikuwa kichaka tu. Hakuna mtu aliishi hapa."

Waridi alimhesabia chenji. Yeye alizaliwa hapo hapo. Hapo palikuwa Mtaa wa Wapagazi, mtaa wa Waislamu waliokuja na misafara wakaoa huku. Nyumba zilibomolewa yeye akiwa mdogo, watu wakatawanyika.

Alimweleza mama yake, Bi Saumu, maneno ya mteja.

"Nikifa mimi, itakuwa kweli," Bi Saumu alisema. "Nani atajua?"

Maneno hayo yalimnyima Waridi raha. Akamweleza Ngendo, mwalimu wake.

"Mama yako yuko hai, na wewe unajua kuandika," Ngendo alisema. "Mbona mnangoja? Muulize. Andika alichosema, jina lake na tarehe. Kisha muulize na mwingine. Wasipokubaliana, andika yote mawili. Usichague wewe."

"Lakini Mwalimu, nyumba zilikuwa nyingi. Nitazipanga aje?"

"Tutachora ramani. Kuna jivu nyumbani?"

Jumapili Ngendo alifika kwao. Mzee Rashid, aliyekuwa akioka mikate mtaani, alikuja pia. Wazee walielekeza, Ngendo akamwaga jivu uani. Njia moja, njia ya pili, vyumba, msikiti.

"Kisima kilikuwa kushoto," Rashid alisema.

"Ati kushoto! Kulia," Bi Saumu alijibu. "Mimi ndiye niliteka maji."

Waridi akaandika yote mawili.

Macho ya Bi Saumu hayakuona herufi tena. Lakini jivu jeupe juu ya udongo mwekundu aliliona. Akavua viatu. Akaingia katika ule mtaa, polepole, bila kushikwa mkono.

"Hapa ni kwa Kabura, alisilimu akaolewa na Juma. Hapa ni kwa fundi wa viatu. Hodi, Mwanaisha!"

Alisimama kila mlango. Alitaja waliozaliwa na waliokufa. Majirani walikuja uani mmoja mmoja, wakasimama nje ya mistari ya jivu. Waridi aliandika kila jina. Nyumba arobaini na tatu! Miaka yote hiyo mama alikuwa amebeba mtaa mzima kichwani, na yeye hakujua.

Kesho yake mvua ilinyesha, jivu likaondoka. Daftari lilibaki. Waridi alinakili mara mbili. Nakala moja alimpa Rashid, nyingine akaipeleka maktaba.

"Kitu kikiwa mahali pamoja, moto mmoja unakimaliza," Ngendo alikuwa amemwambia.

Baada ya miezi mitatu, mwanamke aitwaye Murugi alifika kutoka Timau. Alikuwa amesikia habari za daftari.

"Baba yangu aliitwa Athman. Alikuwa mpishi, akafa nikiwa mdogo. Sijui alitoka wapi."

Waridi alifungua daftari. Akasoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno: "Nyumba ya kumi na saba. Athman, mpishi. Mlango ulitazama mlima."

"Nipeleke," Murugi alisema.

Walipita katikati ya mabasi. Waridi akahesabu hatua kama mama yake alivyomwelekeza, akasimama. "Ni hapa."

Murugi akageuka taratibu, akainua macho. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Mlima ulisimama mbele yake wote, mweupe juu kwa theluji.

"Basi baba alikuwa akiamka," alisema, "anaona hii."