Niliiponda Albamu ya Ba Nkandu, Mke Wangu Akabonyeza Kitufe

"Kapembwa, hebu toa mkono!"

Mke wangu Mutinta akanisukuma bega, akainama kwenye gramafoni yangu, akabonyeza kitufe kimoja tu...

Jamani! Nilihisi damu yote imeshuka miguuni!

Na nilikuwa laivu. Watu elfu mbili na mia tatu wananitazama!

Sikieni, wadau. Wengi mnanijua kama Hakimu wa Santuri, hapa Kitwe. Albamu ikitoka, iwe roki au pop, ya hapa Zambia au ya ng'ambo, mnasubiri niseme. Nikisema mbovu, basi ni mbovu. Na sifa hizo zilikuwa zimenilewesha, nisiwadanganye.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nililetewa santuri ya Ba Nkandu wa Luanshya; hilo 'Ba' kwetu ni la heshima. Huyu mama alipiga gitaa la roki enzi wazazi wetu ni vijana, wachimba mgodi wakijaa ukumbini kumwona. Akaolewa, mume hakutaka gitaa ndani ya nyumba, akaacha. Sasa ni mjane wa miaka sabini na amerudi na albamu mpya, Shimo Namba Saba. Nyimbo sita. Tamasha kubwa la Ndola, la siku ya Jumamosi, lilikuwa limempa nafasi ya kufunga jukwaa, yaani kupiga wa mwisho.

Miaka arobaini na tatu hajapanda jukwaani! Jumamosi ile ndiyo ilikuwa ndoto yake yote.

Nikaiweka. Nikaandika hivi, nanukuu kwa aibu:

"Ba Nkandu angebaki kulea wajukuu. Gitaa linatambaa kama limemeza dawa ya usingizi. Na sauti? Umri umeila mpaka imekuwa ya babu mlevi. Alama mbili kati ya kumi, na hizo mbili ni za heshima."

Posti ikawaka moto! Watu wakaishea mara elfu tatu.

Komenti sasa...

"Mkuu, umesema kweli. Mimi nimeisikiliza mara tatu, mara zote nimelala."

"Wimbo wa pili nilidhani umeme unakatika."

"Bibi apumzike!"

Siku ya tatu akanipigia Kangwa, mwandaaji wa tamasha.

"Kaka, yule mama tumemtoa. Umetuokoa na aibu."

"Usijali, ndugu yangu. Ndiyo kazi yetu."

Nilijiona mtu kweli!

Wafuasi wakaomba niipige laivu tucheke pamoja. Nikaona isiwe tabu. Sauti ikatoka nzito, ya kukokota, na vicheko vikamiminika kwenye skrini. Ndipo Mutinta akatokea jikoni, mwiko wa nshima, ugali wetu, mkononi.

"Karatasi ya katikati ya hiyo santuri umeisoma?"

"Mke wangu, niko laivu..."

"Nakuuliza, umeisoma?"

Wenye gramafoni mnajua. Santuri kubwa huzungushwa mwendo wa mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, zile ndogo za wimbo mmoja ndizo za arobaini na tano. Ni mazoea, mkono unaenda wenyewe. Lakini hii ya Ba Nkandu ilikuwa kubwa na imekatwa kwa mwendo wa arobaini na tano, ili mlio utoke mnene. Imeandikwa palepale katikati, tarakimu nyekundu, hata asiye na miwani anaziona.

Mutinta akabonyeza arobaini na tano.

Gitaa likaruka! Ngoma zikakimbia! Ikatoka sauti ya mwanamke, kali, safi, yenye mikwaruzo midogo ya kusisimua mwili...

Yaani muda wote huo nilikuwa namhukumu mama wa watu kwa mwendo wa konokono!

Halafu mmoja akaandika:

"Hakimu... ina maana ulikosea mwendo?"

Wee! Walinicheka wale watu! Yule aliyelala mara tatu ndiye alikuwa wa kwanza. Na santuri yenyewe ilikuwa bado haijafika dukani. Sasa alilalia nini?

Nikazima laivu, nikampigia Kangwa papo hapo.

"Mrudishe yule mama! Mimi ndiye niliyekosea."

"Mabango yameshachapwa, kaka. Nafasi yake wamepewa wengine."

"Kwani wewe uliisikiliza hiyo albamu?"

"Si nilikusoma wewe?"

Nilichoka.

Asubuhi nikabeba jogoo, nikaenda Luanshya. Nikamkuta Ba Nkandu uani anachambua majani ya maboga. Nikapiga magoti, nikapiga yale makofi ya taratibu ya kumsalimu mkubwa.

"Mama, mimi ni Kapembwa. Yule wa mtandaoni."

"Nakujua. Nilikupigia simu mara nne nikuambie ubadilishe mwendo."

Mungu wangu! Zile namba ngeni nilikuwa nazikata, nikidhani ni wasanii wanaotaka kusifiwa.

"Sasa mama, kwa nini hukuandika pale chini ya posti, watu wote waone?"

"Nikuvue nguo mbele za watu? Sikulelewa hivyo."

Nikaanza kulia. Sifichi, nililia kama mtoto.

"Nisamehe, mama! Albamu yako ni nzuri sana, hakuna kama hiyo mwaka huu. Alama kumi kati ya kumi!"

Akaacha majani.

"Wimbo wa tano umeuonaje?"

Nikamtazama jogoo.

"Wa tano... umenigusa sana, mama."

"Unasemaje huo wimbo?"

Nikaanza kuhesabu majani ya maboga.

"Kwa mwendo wake halisi umesikiliza nyimbo ngapi?"

"Mmoja, mama. Nusu yake."

"Na ulipoandika yale?"

"Mbili."

Akanitazama, na heri angenizaba kibao.

"Mwanzo umenitukana bila kunisikiliza. Leo unanisifia bila kunisikiliza. Mwanangu, tofauti ni nini? Jogoo mwache. Wewe nenda."

Nikaondoka kichwa chini. Nyumbani nikazima simu, nikasikiliza nyimbo zote sita, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Wa pili ulinitoa machozi. Wa nne nilisimama nikacheza peke yangu. Wa tano...

Wadau, wa tano ni mbovu!

Sasa hapo namwambiaje?

Jumamosi ile ya tamasha nikarudi Luanshya.

"Mama, wa tano siupendi. Kinanda kinakufunika sauti, na mwisho wake unavutwa bure."

Akanikazia macho. Halafu akacheka mpaka akavua miwani!

"Hata mimi siupendi! Mpiga kinanda ni shemeji yangu, ningefanyaje?"

Tukacheka wote. Kisha akatazama saa yake ya mkononi, na kicheko kikamwisha.

"Saa hizi ningekuwa napanda jukwaani," akasema. "Haya, nenda kaandike. Na huo wa tano usiufiche."

Nimeandika. Ile posti ya uongo iliwafikia watu ambao hata siwajui. Hii ya kweli ina siku nne sasa, na walioipenda ni arobaini na mmoja, mke wangu akiwemo.

Ndugu msomaji, kazi ya mtu usiiseme vibaya wala vizuri kabla hujaisikiliza mpaka mwisho. Mimi maoni yangu nimeyasahihisha. Jumamosi ya yule mama sina namna ya kumrudishia.