Pipa Lisilotobolewa

Kila Jumatatu asubuhi, Nyanjige akiwa kisimani, alisikia mtaimbo wa baba yake ukigonga mapipa. Masunga alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya pamba pale Bariadi, mojawapo ya kampuni zilizomiminika baada ya watu binafsi kuruhusiwa kununua pamba. Kanuni ya kampuni ilikuwa moja: pipa likiisha dawa ya wadudu litobolewe, asije mtu akalitumia kuwekea maji, kisha litupwe shimoni.

Masunga aliijua kanuni, ila roho ilimuuma. Nani Usukumani asiyelitamani pipa zima?

Jumatatu hiyo yalikuwa saba. Alitoboa sita, akaandika saba kitabuni. La saba alilifunika mabua kwenye mkokoteni, akalipeleka nyumbani. Mkewe, Kwandu, alilisugua kwa majivu na mchanga kama anavyosugua vibuyu, akalisuuza mara tatu, akalitega chini ya bati. Jioni mvua ilinyesha, pipa likajaa hadi kufurika.

"Keshokutwa wenzetu wa kikundi cha kulima, luganda, wanakuja kutupalilia shamba, vijana ishirini," alisema Kwandu kwa furaha. "Maji ya kunywa tunayo."

Kesho yake Nyanjige alimkuta kuku na vifaranga wake wamekufa pembeni ya pipa.

"Kideri," alisema Masunga, bila kutazama.

Jioni mbwa wao alianza kutetemeka na kutokwa udenda. Usiku haujaingia, naye akafa.

"Baba, kideri hakiui mbwa."

"Mwanangu, ukisema nitafukuzwa kazi. Pipa limeoshwa. Nenda kalale."

Nyanjige aliogopa sana. Alimwogopa baba yake, na alizidi kuliogopa lile pipa lililotulia ukutani.

Asubuhi wimbo wa luganda ulisikika kwa mbali, vijana wakija na majembe begani.

"Mayu, wasiyanywe maji haya," alimsihi mama yake.

"Baba yako amesema hayana neno. Nenda shule, utachelewa."

Hakwenda shule. Alikimbia hadi ghalani. Huko alimkuta Bi Violeth, afisa mazingira wa kampuni, akiwa na kitabu mkononi, baba yake amesimama mbele yake.

"Kitabu kinasema saba, shimoni nimeona sita," alisema Bi Violeth.

"Labda limefukiwa na udongo," alijibu Masunga.

Nyanjige alihema. "Shikamoo, Bi Violeth. La saba liko kwetu. Lina maji, na luganda wameshafika."

Masunga alimtazama binti yake, kisha akainamisha kichwa. "Ni kweli. Twendeni haraka."

Landrova ya kampuni iliwafikisha wakati kata ya maji imeanza kuzunguka. Masunga aliruka, akaipokonya. Lakini kijana mmoja, Jilala, alikuwa ameshakunywa, na jasho lilikuwa likimtiririka kabla hata hajaanza kulima. Alikimbizwa hospitali.

Kwa uchungu Masunga alichukua mtaimbo garini alitoboe pipa palepale.

"Acha," alisema Bi Violeth. "Yakimwagika hapa, mvua itayafikisha kisimani."

Wakalifunika, likarudishwa ghalani na maji yake. Hata udongo ule walipofia kuku ulichimbwa ukaondolewa.

Jilala alitapika siku mbili, na siku ya tatu akaomba ugali. Hapo ndipo Bi Violeth alipowakusanya wafanyakazi. Masunga aliondolewa ghalani, akapewa kazi ya kubeba marobota.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Bi Violeth. "Masunga amekosa. Kampuni nayo imekosa, maana tulimwachia mtu mmoja atoboe, ahesabu na aandike. Kuanzia leo watasimama wawili, na mimi nitakuja kuyaona mapipa kwa macho yangu."

Jioni Masunga aliketi karibu na binti yake. "Niliogopa kupoteza kazi," alisema, "na kazi yenyewe ilikuwa kuwakinga watu na sumu. Wewe ndiye uliyeifanya. Ukiona hatari tena, sema, hata kama aliyeileta ni mimi."

Jumatatu iliyofuata Nyanjige alitua ndoo kisimani, akasikiliza milio ya mtaimbo. Hakuijaza ndoo mpaka mtaimbo ulipotulia, mapipa yote yakiwa yametobolewa.