Sahihi ya Mzee Dirisha

Lifti ilikuwa mbovu. Jasusi Kisu alipanda ngazi mbili mbili, simu sikioni.

"Uko wapi?" Mkuu aliuliza.

"Ghorofa ya tatu."

"Toleo jipya la programu ya Mzee Dirisha linatoka saa tano. Yule msaidizi wake amepachika ndani yake tundu la siri la kuingilia kompyuta. Mzee akitia sahihi yake ya kidijitali, kompyuta za hospitali zote zitalipakua, na wagonjwa watakuwa mikononi mwa mabwana zake."

"Dakika ngapi?"

"Nne."

Kisu akakata simu.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Mzee Dirisha, fundi wa kutengeneza cherehani, aliketi mbele ya kompyuta kuukuu ya ThinkPad kati ya bobini na chupa za mafuta. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amejitolea kutunza madirisha na menyu za Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, yale yote mtu anayoyaona akiwasha kompyuta. Hakulipwa hata senti, na shukrani alizopata zilikuwa za kuhesabu.

Kando yake alikaa mwanamume nadhifu, Msaidizi, aliyemsaidia mtandaoni kwa miaka miwili na sasa amesafiri kutoka mbali kuja kumwamkia. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya koti.

Kisu aliitambua bastola hata ikiwa imevaa koti.

"Shikamoo, Mzee. Usitie sahihi. Huyu katumwa."

"Marahaba." Kidole cha Mzee hakikuondoka kwenye kitufe. "Miaka kumi na miwili niliomba msaada, nikaletewa malalamiko ya menyu inayoganda. Huyu peke yake ndiye aliyekuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, mwanangu. Na mimi nimepona."

Dakika mbili.

Glock ya Kisu ingemnyamazisha Msaidizi, lakini isingemshawishi Mzee. Akatandaza karatasi juu ya cherehani.

"Saa zote alizokufanyia kazi. Zisome."

Mzee akavaa miwani. Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja. Saa saba mchana, kimya, kila siku kwa miaka miwili. Jumamosi na Jumapili, hakuna kitu.

Uso wake ukasawajika.

"Sisi tunaojitolea, huu muda tunauiba," alimwambia Msaidizi taratibu. "Alfajiri. Jumapili. Mke akilala. Wewe uliyejiita mwenzetu unapewa mpaka saa ya chakula, kama mwajiriwa?"

Koti likatikisika.

Kisu alikuwa mwepesi zaidi. Bastola ikadondoka kwenye ndoo ya vyuma chakavu, pingu zikabana.

Mzee akafuta toleo.

"Na sasa nani atanisaidia?"

Swali lile lilimuuma Kisu kuliko ngumi.

"Hali?" Mkuu aliuliza alipopiga tena simu.

"Shwari. Njooni mchukue mzigo."

Msaidizi alipokwisha kuchukuliwa, Kisu alishuka ngazi polepole, akatoka nje, akavaa miwani ya jua. Kabla ya kuvuka barabara alimwandikia Mzee ujumbe.

"Ile menyu inayoganda, niachie mimi. Nitaishughulikia Jumapili alfajiri."