Kabla Hajapewa Jina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia baba yake kunyunyizia maji nguo za wateja. Baba alikuwa dobi, na kibanda chake cha kupigia pasi kilikuwa kando ya barabara. Binti aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini asubuhi hiyo alinyunyiza kimya kimya.

"Leo umemeza nini?" baba aliuliza.

"Mwalimu amesema Ijumaa ndiyo mwisho. Asiye na cheti cha kuzaliwa hatafanya mtihani wa kumaliza shule."

Baba alishusha pumzi. Wiki iliyopita alikwenda hospitali alikozaliwa bintiye, kuomba uthibitisho wa kupeleka ofisi ya vyeti. Karani alipekua kitabu cha waliozaliwa mwaka ule, akatikisa kichwa. Hakuliona jina la Chiriku wala la baba yake. Mama, ambaye labda angejua la kufanya, alifariki Chiriku akiwa bado anatambaa.

"Twende tena," baba alisema, akaiweka pasi ya mkaa pembeni.

Langoni mwa hospitali alisimama kijana mwenye miwani ya jua, na begi lake limejaa mihuri.

"Kumbukumbu za kuzaliwa?" aliwadaka. "Humo ndani mtazungushwa mpaka mnywee. Nipe chochote, mzee, jioni nakuletea karatasi. Tarehe utachagua mwenyewe."

"Tarehe ya kuzaliwa nayo inachaguliwa?" Chiriku aliuliza. "Kwani ni kitambaa?"

"Mzee, binti yako ana mdomo."

"Najua, naishi naye," baba alijibu. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni. Chiriku aliuona. Baba hakuwa mwongo. Alikuwa amechoka tu.

"Baba, nikiulizwa karatasi hii imetoka wapi, nijibu nini?"

Mkono ulikaa mfukoni kitambo, kisha ukatoka mtupu. Wakaingia ndani.

Dirishani, karani alikuwa akijipepea kwa bahasha. "Ninyi tena? Si nilisema hakuna?"

"Tunaomba utafute tena, mama," baba alisema kwa unyonge. "Kutafuta unatoza kiasi gani?"

"Kutafuta ni bure. Nani kawaambia mnalipa? Kinachoumia ni macho yangu."

Chiriku alikumbuka mtoto wa mama yake mdogo, aliyezaliwa mwezi uliopita. Walipokwenda kumwona wodini, utepe wa mkononi mwake ulikuwa na jina la mama mdogo, kwa kuwa ndugu walikuwa bado wanabishania jina la mtoto.

"Samahani, mama," alimwambia karani. "Siku niliyozaliwa sikuwa na jina. Mliniandikaje?"

Bahasha ilisimama. "Kwa jina la aliyekuzaa. Lakini baba yako alinitajia lako na lake."

"Ulisema nitaje jina la mzazi," baba alijitetea. "Mimi si mzazi?"

"Siku ile nani alishikwa na uchungu, wewe?"

Foleni nzima ilicheka, na baba naye akacheka. Kisha akalitaja jina la mkewe, polepole, kama mtu ambaye hajalitamka siku nyingi.

Kidole cha karani kilishuka, kikafunua ukurasa, kikashuka tena, kikatulia. Palikuwa na jina la mama, na mbele yake maneno machache: mtoto wa kike, mzima. Chiriku alikaribia kioo mpaka pua ikakigusa. Hakuwahi kuliona jina la mama yake limeandikwa pamoja na habari zake yeye.

Karani aliwaandikia uthibitisho, akaugonga muhuri. Waliupeleka ofisi ya vyeti siku ileile, wakapewa cheti, na Ijumaa mwalimu akamwandikisha Chiriku kwa mtihani.

Jioni hiyo baba alikitazama cheti kwa muda mrefu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mimi niliacha shule mapema, na dirisha la ofisi hunitisha. Nilijibu swali nusu, nikaona haya kuuliza. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeuziwa uongo mlangoni. Wewe usiwe hivyo. Jambo lililo haki yako liulizie, ukiambiwa hapana uliza tena kwa njia nyingine. Karatasi ya yule kijana ingekuwa na mihuri yote, lakini mama yako asingekuwemo."