Mkurugenzi Mpya wa Anga

Victor Kilonzo alishuka treni katika stesheni ya Rayners Lane, London, mkoba wa ngozi ameukumbatia kifuani.

Jedidah Mwende akashuka behewa la nyuma.

Ilikuwa Machi 2003, mvua ikinyunya. Tangu uwanja wa ndege wa Heathrow, siku tatu sasa, Jedidah, jasusi, alikuwa akimwandama Victor, naibu mkurugenzi wa Shirika la Anga la nchi yake mwenyewe. Ndani ya ule mkoba mlikuwa na CD moja yenye namba za siri za kuongozea setilaiti ya taifa. Atakayezipata namba hizo, setilaiti ni yake.

Victor akaingia mkahawa ulio ubavuni mwa duka la sari. Mzungu mwenye koti la kijivu alikuwa akimsubiri.

Jedidah akatoa Nokia yake, akampigia Mkurugenzi Njoroge, aliyemtuma London.

"Mzee, wako pamoja. Nipe ruhusa nimkamate."

"Mzee hayupo." Alikuwa Natasha, katibu wa Njoroge, na alikuwa akilia. "Amefutwa kazi saa nne. Imetangazwa redioni."

"Nani amechukua kiti?"

Natasha akapenga kamasi.

"Natasha. Nani?"

"Victor Kilonzo, madam. Na ameshaacha agizo juu yako. Umlinde."

Jedidah akakata simu.

Angemkamata kwa amri ya nani? Na akiita polisi, wangeuliza kwanza yeye ni nani. Visa yake ilisema mwanafunzi wa uuguzi.

Kupitia kioo akaiona CD ikiwekwa mezani.

Akaingia.

"Aah, Jedidah!" Victor akatabasamu. "Habari umezipata?"

"Nimeambiwa nikulinde, bosi."

"Basi keti."

Hakuketi. Aliichukua CD, akaivunja vipande viwili. Kisha vinne.

Mwenye koti la kijivu akaacha chai yake ikifuka moshi, akatoka bila kuaga.

Victor hata sauti hakuipandisha.

"Nyingine iko ofisini Nairobi," alisema, akipangusa vipande mezani kwa kiganja. "Ofisi yangu, siku hizi. Wanunuzi watanifuata huko huko. Nitawapokea kwa chai na mandazi. Utafanya nini?"

Jedidah akafunga vifungo vya koti lake.

"Pasipoti uirudishe ubalozini," Victor akaongeza. "Huna kazi."

"Sawa, bosi."

Akageuka. Akapita katikati ya meza kwa mwendo wa taratibu, kichwa juu, kama mtu aliyemaliza shughuli zake. Mikono alikuwa ameitia mifukoni, na hakuitoa mpaka alipokunja kona, akaanza kukimbia.