Feni Inalia

Feni ya gari la Mzee Alkarim ililia kabla injini haijapata moto. Hilo ndilo lililomfanya Were aweke spana chini. Feni ya radieta huamka maji yakikaribia kuchemka. Hii iliamka kwenye baridi ya saa tatu asubuhi, ikatoa mlio mwembamba, mrefu, kisha ikanyamaza kama mtu anayevuta pumzi.

"Inalia tangu lini?" Were aliuliza. Kila mteja aliyeingia gereji yake ndogo ya Ngara aliulizwa hivyo.

"Tangu ile siku ulibadilisha maji," mzee alisema. Alikuwa ameendesha mwenyewe kutoka Kitisuru alfajiri, gari likapoa likimngoja Were, na kama kawaida yake alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili. "Labda ni mimi nimeharibu. Macho yangu siku hizi, bhai, naingia kila shimo."

"Si wewe, mzee. Hizi feni zinazeeka tu."

Alijibu bila kumtazama. Ile siku aliikumbuka vizuri. Alikuwa na haraka, hakungoja maji ya radieta yapoe. Aliyakinga kwenye karai yakitoa mvuke, akayapeleka kwenye kishimo chini ya ukuta, na Mzee Alkarim akamwambia kwa upole, "Were, maji ya moto usimwage hivyo. Sema bismillahi, ngoja kidogo. Kuna watu hatuwaoni, na wako na watoto pia."

Were alicheka. "Mzee, mimi ni Mluhya wa kanisa. Hao hawanijui."

Akamwaga yote kwa mpigo mmoja. Mle shimoni kitu kililia mara moja, kama birika, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda. Mzee alikuwa ameshaenda kumimina chai. Were peke yake ndiye aliyesikia.

Sasa alikaza kila skrubu ya feni. Akapitisha kidole kwenye mapanga yake akitafuta ufa, hakuupata. Akaizungusha kwa mkono, nayo ikazunguka laini bila kugusa popote. Akachomoa waya. Mwishowe akaitoa betri yenyewe, akaiweka chini karibu na kiatu chake, na pale pale, bila waya, bila betri, feni ikaanza kuzunguka polepole, ikilia, ikinyamaza, ikilia tena kwa kwikwi, na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikamjia usoni hadi akarudi nyuma na kugonga mgongo ukutani.

Simu ikaita. Alikuwa Naliaka, mkewe, kutoka nyumbani kwao mtaa wa Satellite.

"Baba Ivyne, mtoto amechemka. Nimempa dawa ya kliniki, joto haishuki. Na analia vingine. Sikiza."

Mtoto wao, Ivyne, alikuwa na miezi mitano. Kilio chake kilitoka kwenye simu kikiwa chembamba na kirefu, na kila kilipokatika, feni nayo ilikatika.

Mzee Alkarim alisikia yote. "Mwambie amlete hapa," alisema. "Mimi naita Nzula."

Nzula aliuza ubani na udi nyuma ya soko, na wengi walijua kwamba majini humsikiliza. Naliaka alipofika mtoto akiwa ndani ya leso iliyoloweshwa maji, mzee alivua koti lake akawatandikia mahali pa kukaa. Nzula aliinama juu ya feni, akauliza kama fundi.

"Inalia ikiwa moto ama baridi?"

"Baridi."

"Na kabla ianze, nani aliigusa mwisho?"

Hilo nalo Were huwauliza wateja wake, nao humdanganya kila mara. "Mimi," alisema kwa sauti ndogo. Akaeleza juu ya maji. Naliaka hakumlaumu. Alimhamishia mtoto kwenye bega la pili tu, na hilo likamchoma Were kuliko lawama.

"Umeunguza mtoto wa mwenzio," Nzula alinong'ona. "Huyo ni mama yake analia. Piga magoti hapo kwa shimo, mwambie ukweli wote, usipunguze. Hao hawadanganywi."

Were alipiga magoti, akamimina shimoni maziwa baridi aliyopewa na Nzula. Maneno yalikuwa tayari kinywani: niliambiwa, nikacheka. Lakini mkewe alikuwa nyuma yake akisikiliza.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sikujua."

Mzee Alkarim aliinua macho, akamtazama, kisha akayateremsha kwenye kikombe chake. Feni ikanyamaza. Ivyne naye akanyamaza, na chai ilipopoa vikombeni, mwili wake ulikuwa umepoa pia.

"Umesema yote?" Nzula aliuliza.

"Yote."

Wiki ikapita bila Ivyne kulia. Hakulia kwa njaa, hakulia akilowa, wala nesi alipomchoma sindano ya chanjo. Majirani walimsifu, mtoto mpole. Naliaka alitabasamu, lakini usiku alimwekea sikio kifuani.

Jumapili, wakiwa wametoka kanisani, mzee akapiga simu.

"Were, samahani kukusumbua siku ya mapumziko. Feni inalia tena. Lakini si kama ile. Ngoja nisogeze simu."

Kilio kikajaa chumbani, na Naliaka, aliyekuwa akiosha vyombo, akasimama wima mikono ikidondosha povu, na mbele ya blauzi yake pakalowa pande zote mbili, maziwa yakitoka yenyewe kama ambavyo hayakuwa yametoka wiki nzima.

"Huyo ni Ivyne," alinong'ona. "Baba Ivyne, huyo ni mtoto wangu, ana njaa. Ulimwambia nini yule mama?"

Were alimgeukia mtoto aliyelala kwenye mkeka. Alikuwa akimtazama, hapepesi macho. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda, na ule mdomo mdogo, usio na jino hata moja, ukafunguka.

"Sikujua," ukasema taratibu, kwa sauti ya Were mwenyewe.