Nani Hakuiweza Ndoa

"Kwa hiyo mimi ndiye mwenye kasoro kichwani, Arnulfo?"

"Usipige kelele, Perlita. Hiyo ni lugha ya mawakili tu."

"Lugha ya mawakili! Hapa pameandikwa mke hana uwezo wa kisaikolojia wa kubeba majukumu ya ndoa, tangu kabla ya harusi. Mke ni nani? Si mimi?"

Perlita alikuwa amesimama ndani ya duka la mikate la Teban, simu sikioni, karatasi za mahakama mkononi. Mumewe alishamkimbia zamani, akahamia kwa Jovelyn, muuza vipodozi wa hapo hapo mjini Dagupan, Ufilipino. Tangu siku hiyo hakuwahi kuuliza kama mkewe amekula au amelala njaa. Leo ndiyo kaikumbuka namba yake!

"Nisikilize," Arnulfo alibembeleza. "Nchi hii haina talaka, unajua. Mlango ni huu mmoja, mmoja wetu aonekane hakuwa na uwezo wa ndoa. Wewe kaa kimya. Usijibu, usije mahakamani. Mimi namwoa Jovelyn, wewe unaolewa na huyo muoka mikate wako. Kila mtu na raha zake."

"Na kwa nini asiyeweza asiwe wewe?"

"Mimi? Mama atakufa kwa aibu!"

Perlita akamkatia simu.

Teban, mgane mwenye duka, alikuwa amesikia kila kitu. Alijifuta unga mikononi, akasogea.

"Perlita, nina neno baya. Niseme?"

"Sema."

"Kaa kimya kweli. Waandike wanachotaka. Nakupenda, nimekusubiri, na bado unaitwa mke wa mtu. Karatasi ni karatasi tu."

"Teban, mimi ni mwalimu! Kesho mzazi mmoja akiudhika atasema mtoto wake anafundishwa na mwanamke aliyetangazwa na mahakama kuwa hana uwezo. Na wewe utakuwa umeoa nani? Mimi, au huyu aliyeandikwa humu?"

"Nitakuwa nimekuoa wewe."

"Hapana. Utakuwa umenipokea kwa sifa nilizopewa na Arnulfo."

"Na ukipinga ukashindwa? Jaji akisema ndoa ni nzima, hakuna mwenye kasoro? Utazeeka ukiitwa mke wake."

"Basi nizeeke. Uongo huu siumezi."

Teban akageukia tanuri lake. Siku hiyo hawakuagana, na Perlita alilia njia nzima hadi nyumbani. Alimpenda yule mwanaume. Hilo ndilo lililomuuma.

Wiki haikuisha, ujumbe wa Arnulfo ukaingia kwenye simu: "Nasikia umeweka wakili. Unajiharibia mwenyewe. Mama ndiye shahidi wangu. Anakujua vizuri huyo."

Perlita akajibu: "Mwambie avae apendeze."

Wakili wake, mama mmoja mnene mpole aitwaye Quimson, hakuona cha kuchekesha.

"Mwalimu, kuonesha kwamba wewe ni mzima hakutoshi. Ukitaka kutoka kwenye ndoa hii, lazima tuoneshe asiyeweza ni yeye, na kwamba mzizi wake ulianza kabla hamjaoana. Nani anamjua tangu utotoni?"

"Mama yake peke yake."

"Ambaye ni shahidi wao. Basi tumekwisha."

"Wakili, humjui mama mkwe wangu, Nanay Consing," Perlita alisema, kwa mara ya kwanza akitabasamu. "Akianza kumsifu mwanawe hajui breki iko wapi. Usimshambulie hata kidogo. Mwombe tu amsifu."

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Wakili wa serikali ndiye aliyeanza, maana kazi yake ni kuhakikisha mume na mke hawajapanga njama.

"Mwalimu, mmekubaliana kuidanganya mahakama?"

"Aliniomba nikae kimya. Ndiyo maana nimekuja kusema. Ndoa hii hata mimi siitaki, Mheshimiwa. Lakini sitoki ndani yake nikiwa nimebebeshwa mzigo wa mtu mwingine."

Watu wakanong'ona. Arnulfo akainamia viatu vyake.

Kisha akapanda kizimbani Nanay Consing, mama mkwe mwenyewe, blauzi ya lesi, rozari mkononi. Alimchambua Perlita bila huruma. Mvivu. Mkaidi. Anahangaika na watoto wa wenzake huku mumewe akijipigia pasi mashati! Alipomaliza, Wakili Quimson aliinuka taratibu kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani.

"Mama, naona Arnulfo ulimlea vizuri sana."

"Kama yai! Mtoto wangu wa pekee yule."

"Chakula je?"

"Nani mwingine angemlisha? Samaki wetu bangus ana miiba, si unajua? Mimi ndiye namtolea, mmoja mmoja. Baada ya harusi nikamfundisha huyu mwalimu. Akakataa! Eti mwanaume mzima ana mikono yake!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na siku hizi anamtolea nani?"

"Si mimi? Hata jana nimemtolea."

"Na shuleni, Mama?"

"Akipigana, naenda mimi kuomba msamaha. Kazi za shule namwandikia mimi. Alipokua, akifukuzwa kazi, naenda kumlilia bosi. Kila kazi! Mwanangu hajawahi kuteseka na jambo lolote nikiwa hai."

Wakili wa Arnulfo akasimama haraka. "Mama, inatosha."

"Inatosha nini? Mmeniita niseme, niacheni niseme!"

"Mama, tafadhali!" Arnulfo alilalama.

"Tulia, mwanangu. Nakutetea."

Quimson akashusha sauti. "Mama, siku mimba ya Perlita ilipoharibika, Arnulfo alikuwa wapi?"

"Kwangu. Hospitali inamtisha, maskini. Alikuja analia, hajala. Nikamlisha, nikamlaza. Nikamwambia, manesi wapo, wewe utasaidia nini? Akakaa kwangu mpaka mkewe aliporuhusiwa."

Hakuna aliyecheka. Yale machozi ya wodini yakamrudia Perlita yote. Nanay Consing alitazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumuunga mkono. Hakuupata.

Kwenye benchi la nyuma Jovelyn akachukua mkoba wake.

"Arnulfo," alisema bila kujali karani aliyemkodolea macho, "mimi nikiumwa nitampigia nani? Mama yako?"

Akatoka.

Hukumu ilichelewa, kama zinavyochelewa. Ilipokuja, jaji, mwanamke wa maneno machache, aliisoma bila kumtazama mtu.

"Sheria hii haimwiti mtu kichaa. Inauliza kama mtu aliweza kuwa mwenzi wa mwenzake. Mama mzazi ametuonesha kwamba mume hakuweza, tangu kabla ya siku ya harusi. Mke aliweza, tena alibeba peke yake. Ndoa hii ni batili tangu mwanzo."

Nje, Nanay Consing alimvamia Perlita.

"Umefurahi? Umemwaibisha mwanangu!"

"Mama, mimi sikumsema. Umemsema wewe, tena kwa mapenzi. Mwache sasa aibu yake aibebe mwenyewe. Ni mtu mzima."

Teban alikuwa kwenye ngazi, shati jipya, uso wa mtu ambaye hajui atapokelewaje.

"Perlita, nilikosea. Niliogopa kukukosa, nikakwambia ukubali kuchafuliwa. Nilijifikiria mimi."

"Ndiyo. Ulijifikiria wewe."

"Unanisamehe?"

"Nimekukasirikia mno, Teban. Ila sikuacha kukupenda hata siku moja, na hilo nalo limenikasirisha."

"Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa. Lakini usije ukaniambia tena nikae kimya."

"Sikwambii tena."

Karatasi za mahakama zilipokamilika wakafunga ndoa ukumbi wa jiji, wanafunzi wa Perlita wakijazana madirishani. Jaji aliyewafungisha ndoa alimuuliza Perlita swali analoulizwa kila bibi harusi, kama anamkubali mwanaume huyu awe mumewe.

"Namkubali," Perlita alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Na ninaweza."